Farasi wa mfalme: ashwamedha ilifanywaje, na mwenye jeshi alitafuta nini kwa makuhani?

Swali: Nasoma historia, mwaka wa pili chuoni, na nina insha ya kuandika juu ya ufalme na kafara katika dini ya Veda huko India ya kale. Nilivutiwa baada ya kuona kwenye tamthilia ya Kihindi mfalme akimwachia farasi mweupe azurure mwaka mzima, na kila ardhi aliyoikanyaga ikawa ya mfalme. Nilipoanza kusoma nikachanganyikiwa. Wengine wanasema farasi alichinjwa, wengine wanasema malkia alilala naye, wengine wanasema hata watu walitolewa kafara. Wapo pia wanaokana yote na kusema ni mafumbo tu. Kinachonishinda zaidi ni hiki: mfalme mwenye jeshi na mali alihitaji nini kwa makuhani? Ilikuwa kama hawa wanaotoa kafara ili watajirike? Naomba unieleze hatua kwa hatua.

Jibu: Ndugu yangu, umeuliza mambo mengi, lakini naona linalokusumbua kweli ni moja: mtu aliyekwisha kuishika nchi kwa mkuki anafuata nini kwa watu wanaokariri mashairi mbele ya moto? Tutafika huko. Kwanza tulitazame neno ulilotumia, maana ndilo lililokuelekeza kubaya.

"Kafara" kwa Kiswahili cha leo ni kitu cha kuondoa dhambi au mkosi, na mitaani ni ile habari ya mtu kumtoa ndugu yake kwa siri ili biashara ishike. Neno la Kisanskriti ni yajna, na linatokana na kitenzi chenye maana ya kumheshimu mungu kwa kumpa. Miungu hapa ni wageni. Huitwa kwa mashairi, hutandikiwa majani waketi, hupewa samli, maziwa, nafaka, pengine nyama, na maji ya mmea uitwao soma (usilichanganye na kitenzi chetu). Agni, yaani moto, ndiye anayewafikishia. Hakuna kinachofichwa: kila tendo lina shairi lake na kila shairi lina mtu wake wa kulisema. "Tambiko" halifai sana, kwa kuwa kwetu linabeba mizimu ya ukoo, na "dhabihu" inaleta picha ya kisu shingoni, ambayo utaona si sahihi. Andika yajna, lieleze mara moja, kisha endelea nalo.

Hapakuwa na hekalu wala sanamu. Watu hawa, ambao kitovu chao kilikuwa Kurukshetra na nchi ya mito Yamuna na Ganga, kaskazini mwa India, walipima uwanja, wakaujenga, na kazi ikiisha wakauacha. Mioto ilikuwa mitatu: wa magharibi kwenye tuta la duara, wa mashariki kwenye tuta la mraba, na wa kusini kwenye nusu duara. Kwa yajna kubwa waliongeza uwanja wa mashariki wenye urefu wa hatua 36, upana wa hatua 30 upande wa magharibi na 24 upande wa mashariki. Makuhani wakuu walikuwa wanne. Hota hukariri mashairi ya Rigveda, mmojawapo wa mikusanyo mitakatifu iitwayo Veda. Adhwaryu ndiye mwenye kazi za mikono: kupima, kuwasha, kumimina, huku akinong'ona maneno ya Yajurveda. Udgata huimba nyimbo za Samaveda. Wa nne, brahmani, hukaa kimya na kusikiliza, na pakitokea kosa ni kazi yake kulirekebisha.

Rigveda kwa makadirio ya kawaida ni ya kati ya miaka 1500 na 1000 kabla ya Kristo (K.K.), na tayari ina mashairi mawili ya yajna ya farasi, la 162 na la 163 katika kitabu cha kwanza. Maelezo marefu ya namna ya kufanya yamo kwenye maandishi ya karne zilizofuata, hasa Shatapatha Brahmana, matini ndefu ya kueleza yajna: kitabu cha 5 kwa rajasuya na vajapeya, yajna mbili nyingine za kifalme, na cha 13 kwa ashwamedha, yaani yajna ya farasi. Usiziite zote "kutawazwa". Rajasuya ndiyo iliyo karibu na kutawazwa. Vajapeya ina mashindano ya magari 17 ya farasi, na mwishoni mfalme na mkewe hupanda nguzo ya dhiraa 17 hadi kwenye pete ya unga wa ngano iliyo kileleni. Ashwamedha ni ya mfalme aliyekwisha kutawazwa na ambaye tayari ana nguvu. Maandishi yenyewe yanaonya kwamba asiye na nguvu akiifanya, yeye ndiye anayemwagwa. Shika onyo hilo, tutalirudia.

Kazi ilianza majira ya kuchipua, mwezi wa Phalguna. Makuhani wanne walipikiwa wali uliopimwa kwa vipimo 12, kwa hesabu ya miezi. Farasi hakuwa mweupe kama kwenye tamthilia. Shatapatha inamtaka awe mweusi mbele, mweupe nyuma, mwenye alama kwenye paji la uso, kijana, mwenye mbio, asiye na mfano akifungwa upande wa kulia wa gari, na thamani yake ng'ombe 1,000. Usiku ule mfalme hulala na mke wake kipenzi bila kumwingilia, akiomba aufikie mwisho wa mwaka salama kwa kujizuia huko. Farasi naye mwaka mzima hazuiliwi kutembea, ila huzuiliwa asipande majike. Wasomaji wengi huliruka jambo hili, nami naliona ni ufunguo: tangu usiku wa kwanza mfalme na farasi wamefungwa katika sharti moja.

Kisha farasi hufungwa kamba ya majani ya darbha yenye urefu wa dhiraa 12, au 13 kwa ajili ya mwezi wa nyongeza, akapelekwa majini. Hapo huuawa mbwa "mwenye macho manne", yaani mwenye mabaka juu ya macho, kwa rungu, na mzoga ukaelea chini ya kwato za farasi huku ikitamkwa laana kwa yeyote atakayetaka kumdhuru. Baada ya hayo huachiwa kuelekea kaskazini mashariki.

Hazururi peke yake. Pamoja naye huenda farasi 100 waliochoka kwa umri, na walinzi 400 katika makundi manne ya watu mia mia: wana wa wafalme wenye deraya, wana wa watu wa tabaka la kivita wenye panga, wana wa watangazaji na wakuu wa vijiji wenye mishale, na wana wa watumishi na waendesha magari wenye fimbo. Huagizwa wamzuie farasi na majike na asiingie maji ya kuoga, na walale kwa mafundi wa magari. Wakikutana na brahmani (hapa ni mtu yeyote wa tabaka la makuhani, si yule kuhani wa nne) humuuliza anajua nini kuhusu ashwamedha, na asiyejua kitu huweza kunyang'anywa mali yake. Huambiwa pia kwamba watakaofika mwisho watakuwa na fungu katika ufalme, na watakaoshindwa watatengwa nao.

Sasa lile la "kila alipokanyaga pakawa pake". Kwenye maandishi haya ya kale hakuna kanuni ya kwamba kwato huhamisha umiliki wa ardhi. Farasi ni swali linalotembea. Jirani akimwona anapita na mia nne nyuma yake, ana mambo mawili ya kuchagua: amwache, na kumwacha kwake kuhesabiwe kuwa amekubali, au amkamate na kuanzisha vita. Ushuru, mipaka na utii vilikuja kwa mazungumzo na mapigano ya kawaida. Picha ya tamthilia inatokana zaidi na masimulizi ya baadaye, hasa utenzi mrefu wa Mahabharata, ambamo shujaa Arjuna anamfuata farasi na kupigana njia nzima.

Huku nyumbani mfalme hapumziki. Kila siku kuna sadaka tatu kwa mungu Savitri, mwenye kusukuma na kuamsha. Mchana brahmani mpiga kinubi humwimbia mfalme yajna alizofanya na zawadi alizotoa, na jioni mpiga kinubi wa tabaka la kivita humwimbia vita alivyopigana. Hota husimulia hadithi kwa mzunguko wa siku 10, kila siku na mfalme wake wa kale au wa kimungu na watu wake, kisha mzunguko huanza upya. Hurudiwa mara 36, hadi zitimie siku 360.

Katika mwaka mzima mambo mengi yanaweza kuharibika, na hapa ndipo utaona ustadi wa watu hawa. Kila ajali ina tiba yake iliyoandikwa. Farasi akimpanda jike, hutolewa maziwa kwa Vayu, mungu wa upepo. Akiugua, uji kwa Pushani, mlinzi wa mifugo. Akipata ugonjwa wa macho, uji kwa Surya, ambaye ni jua. Akifa majini, uji wa shayiri kwa Varuna, mungu wa maji. Akipotea, sadaka tatu kwa pamoja. Akifa au akichukuliwa na adui, huletwa farasi mwingine, akanyunyiziwa maji na kuwekwa wakfu mahali pa wa kwanza. Adui kumchukua farasi ni aibu ya kisiasa ambayo uji hauifuti, na ndiyo maana ya lile onyo kwa mfalme asiye na nguvu.

Farasi akirudi, zinafuata siku 12 za mfalme kuwekwa wakfu, siku 12 za maandalizi, na siku 3 za kukamua soma. Siku ya katikati ndiyo ya farasi. Husimamishwa nguzo 21, kila moja dhiraa 21, karibu mita tisa na nusu. Mti wa nguzo ya kati ni rajjudala, pembeni yake mbili za pitudaru, kisha sita za bilva, sita za khadira na sita za palasha. Wake watatu humpaka farasi samli: mke mkuu (mahishi) sehemu ya mbele, kipenzi (vavata) katikati, na aliyetengwa (parivrikti) nyuma. Kila mmoja humsuka shanga za dhahabu 101. Wanyama wengine wengi hufungwa. Moto ukishapitishwa kuwazunguka, wa porini huachiwa huru, na wa kufugwa ndio wanaouawa.

Ulisoma kwamba farasi alichinjwa. Hakuchinjwa. Alizibwa pumzi kwa kitambaa, na tendo hilo liliitwa "kumridhisha", kwa sababu damu na mlio wa kifo havikutakiwa uwanjani. Kisu kilikuja baadaye, kwenye mwili, baada ya wake kuchora njia zake kwa sindano za dhahabu, fedha na shaba.

Na malkia? Ndiyo, maandishi yanasema hivyo bila kificho, na usimsikilize anayekuambia limebuniwa na wageni. Farasi akiwa amekwisha kufa, mahishi hulala kando yake, wakafunikwa nguo, na hutamkwa maneno ya kujamiiana. Wakati huo makuhani na wake wengine hujibizana kwa matusi ya wazi. Likiisha, wote husema shairi la farasi wa kimungu Dadhikravan ili kuisafisha midomo yao. Mwili ule ulikuwa maiti, kwa hiyo tendo ni la ishara: nguvu iliyokusanywa mwaka mzima kwa kujizuia inarudishwa kwa nchi kupitia kwa malkia, iwe watoto, mifugo na mvua. Liandike kwa utulivu, sentensi mbili tatu, bila kuona haya na bila kulifanya kichwa cha insha.

Baada ya hapo yanakuja mafumbo, na mtoto yeyote wa Kiswahili aliyewahi kutega kitendawili atajisikia nyumbani. Kuhani mmoja huuliza, mwingine hujibu. Nani atembeaye peke yake? Jua. Nani azaliwaye tena? Mwezi. Dawa ya baridi ni nini? Moto. Chombo kikuu cha kupandia mbegu ni kipi? Ardhi. Hii si michezo ya kupumzikia. Ajuaye jibu ameonyesha kwamba anaujua ulimwengu ambao yajna imeujenga upya kwa mwili wa farasi. Brihadaranyaka Upanishad, kitabu cha tafakuri cha baadaye kidogo, inafungua kwa wazo hilohilo: alfajiri ni kichwa cha farasi wa yajna, jua ni jicho lake, upepo ni pumzi yake, mwaka ni mwili wake.

Mwishoni ni kuoga na kutoa malipo. Mali iliyopatikana mashariki hupewa hota, ya kusini brahmani yule kuhani wa nne, ya magharibi adhwaryu, ya kaskazini udgata. Ardhi, watu na mali ya watu wa tabaka la brahmani havimo. Hapo kumbuka nani anayesimulia. Maandishi haya yalitungwa na makuhani, watu waliolipwa, na hesabu za zawadi ndani yake zinasomeka kama matumaini yao kuliko risiti. Hata Shatapatha inaposema mfalme Bharata alifunga farasi 78 kando ya Yamuna na 55 kando ya Ganga, chukua kwamba ni sifa ya mfalme.

Sasa swali lako kuu. Kama yajna ingekuwa ya kuleta utajiri kwa siri, mfalme angeifanya akiwa maskini. Hapa ni kinyume: anaifanya akiwa tajiri, mbele ya kila mtu, na inammaliza mali. Anachokipata ni kile ambacho mkuki hautoi. Mkuki humnyamazisha jirani leo. Mwaka wa farasi unamlazimisha jirani aseme, kwa kitendo, kwamba amekubali. Na ndani ya nyumba yake mwenyewe mfalme ana hatari kubwa kuliko majirani: ndugu, makamanda, wakuu wa vijiji. Tazama rajasuya. Mfalme huzunguka nyumba moja kila siku akitoa sadaka humo: ya kamanda wa jeshi, ya kuhani wake, ya mke mkuu, ya mtangazaji, ya mkuu wa kijiji, ya mgawa mafungu, hata ya mtunza kete. Wanaitwa vito vyake, na yeye ndiye anayewafuata nyumbani kwao.

Kisha huja kunyunyiziwa. Maji ni ya aina 17: ya mto Sarasvati, ya mvua iliyonyesha jua likiwaka, umande, ya kisima, ya uzazi ya ng'ombe anayezaa, na pamoja nayo maziwa, asali na samli. Mfalme husimama juu ya ngozi ya chui milia, na wanaomnyunyizia ni wanne, kila mmoja na chombo cha mti wake: kuhani, ndugu wa mfalme, mtu wa tabaka la kivita aliye rafiki, na mtu wa tabaka la wakulima na wafugaji. Ufalme hautoki kwa mkono mmoja. Hutangazwa: huyu ndiye mfalme wenu, enyi watu, mfalme wetu sisi brahmani ni Soma (mungu wa mmea ule wa soma). Makuhani wanamtawaza na papo hapo wanajiondoa chini yake. Baadaye humpiga mgongoni kwa fimbo, kimya kimya, na maelezo yanasema ni ili avuke adhabu, asihukumiwe tena na mtu. Mwenye kutoa adhabu hupigwa kwanza.

Kuhusu watu kutolewa, jibu la haki lina vipande vitatu. Ipo yajna ya mtu, purushamedha, ambamo watu hufungwa nguzoni, lakini Shatapatha inasema sauti ilikataza isikamilishwe, la sivyo mtu angekula mtu, na wanafunguliwa. Pili, kwenye rajasuya husimuliwa habari za Shunahshepa, kijana aliyeuzwa na baba yake kwa ng'ombe 100, akafungwa nguzoni badala ya mwana wa mfalme, akawaomba miungu kwa mashairi hadi kamba zikafunguka. Tatu, kwenye ujenzi wa tuta la moto la matofali huzungumzwa kichwa cha mtu pamoja na vya farasi, fahali, kondoo na mbuzi. Shatapatha yenyewe inasema wa mwisho kufanya hivyo alikuwa Shyaparna Sayakayana, na kwamba desturi hiyo imeachwa. Kwa hiyo usiandike kwamba watu walitolewa kila mara, wala usiandike kwamba wazo halikuwapo kabisa.

Ushahidi wa nje ya vitabu upo, ila ni wa baadaye sana. Mfalme Ashoka, karne ya 3 K.K., alikataza kuua wanyama kwa yajna katika amri yake ya kwanza ya mwambani. Baada ya nasaba yake kuanguka, mfalme Pushyamitra Shunga alifanya ashwamedha mbili, kwa mujibu wa maandishi ya jiweni ya Ayodhya. Katika karne ya 4 baada ya Kristo mfalme Samudragupta alipiga sarafu za dhahabu zenye farasi mbele ya nguzo na malkia upande wa pili. Ukipata picha ya sarafu hiyo iweke kwenye insha, ina thamani kuliko kurasa nyingi. Jai Singh wa Pili wa Jaipur, karne ya 18, kwa kawaida ndiye anayetajwa kuwa wa mwisho.

Wale wanaosema yote ni mafumbo hawasemi ovyo. Dayananda Saraswati (1824–1883), mwanzilishi wa Arya Samaj, jumuiya ya mageuzi ya Kihindu, alifundisha kwamba ashwamedha ya Veda ni uongozi bora wa nchi na haina farasi anayeuawa. Hiyo ni imani hai ya watu, iheshimu kama hivyo. Ila ukiandika historia ya mwaka 700 K.K., maelezo ya kina ya nguzo, sindano na kisu yapo kwenye matini, na mwanahistoria hawezi kuyaruka.

Nikushauri mbinu. Utakutana na maelezo matatu: ya siasa, ya rutuba, na ya ulimwengu unaofanywa upya. Usichague moja na kutupa mengine. Anza na siasa, kwa sababu insha yako ni ya ufalme, na onyesha kwamba mfalme asingeelezea ushindi wake kwa lugha nyingine isipokuwa hiyo ya rutuba na mwaka. Tafsiri za Kiingereza za karne ya 19 zitakusaidia, lakini sehemu ya malkia baadhi ya watafsiri waliiruka au kuiacha kwa Kilatini kwa aibu. Ukiona pengo, si kwamba matini haina kitu. Ikifika mahali hoja yako inategemea maana ya neno moja la Kisanskriti, usikisie kwa kamusi ya mtandaoni. Mpelekee mhadhiri wa dini au lugha za Asia, ana kwa ana, na ukurasa wenyewe mkononi.

Na kama hujawahi kuona samli ikimiminwa motoni kwa mashairi ya Veda, huna haja ya kusafiri mbali. Arya Samaj ina nyumba zake za ibada Nairobi na Dar es Salaam, na havan, yajna ndogo ya kuni, samli na mitishamba bila mnyama yeyote, ni ibada yao ya kawaida. Omba ruhusa mapema, fika kabla haijaanza, vua viatu, kaa utakapoonyeshwa, na usipige picha bila kuuliza. Mtazame anayemimina na msikilize anayetamka "svaha" kila samli inapoingia motoni. Maswali ya farasi yaache hadi mmefahamiana.